Nilikuwa namngoja Mongezi

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Simu ilikuwa na chaji ya kunifikisha kama saa saba usiku. Nikaweka spika za masikioni, nikalala chali kitandani, nikafungua rekodi niliyokuwa nimeipakua mchana kazini: Blue Notes for Mongezi.

Jina la mpiga tarumbeta limeandikwa juu ya rekodi. Basi nikategea tarumbeta.

Zikaja kengele. Ikaja filimbi. Besi ikaanza kutembea pole pole kama mtu anayezungukazunguka uani asijue aketi wapi. Saksafoni ikalia, ikanyamaza, ikalia tena kwa sauti iliyopasuka. Wanaume wakaanza kuitana kwa Kixhosa. Nikajiambia, sasa anaingia.

Hakuingia.

Kipande cha kwanza kikaisha, nikaingia cha pili. Hata katika kipande cha tatu nilikuwa bado nimekaza masikio, nadhani labda wanamtengenezea njia, kama bendi zinavyofanya zikitaka kumpandisha mtu jukwaani kwa heshima. Cha nne kikaisha pia. Nikabaki gizani na chaji iliyobaki, na jambo ambalo wiki sita baadaye bado halijaniachia.

Mongezi Feza hayumo kwenye rekodi yenye jina lake. Alikuwa ameshakufa.

Siku tisa

Alifariki tarehe 14 Desemba 1975, Uingereza, kwa nimonia. Alikuwa na miaka 30. Tarehe 23 mwezi huo huo, baada ya ibada ya kumkumbuka, wenzake wanne wa bendi ya Blue Notes walikutana katika chumba cha mazoezi London: Dudu Pukwana na saksafoni yake, Chris McGregor kwenye piano, Johnny Dyani kwenye besi, Louis Moholo kwenye dramu. Hawakupanga nyimbo. Hawakukubaliana nani aanze. Walipiga tu, saa nyingi, na mtambo wa kurekodi ukiwa umewashwa.

Nilipojua hivyo nikairudia yote tangu mwanzo, na safari hii nikasikia kitu ninachokijua tangu utoto.

Nilisikia matanga.

Umewahi kukaa na wanaume nje ya nyumba ya msiba, usiku wa pili, turubai limefungwa, chai ya rangi inapita? Hakuna anayemtaja marehemu moja kwa moja. Mmoja anazungumzia mvua. Mwingine anauliza habari za shamba. Kimya. Halafu ghafla mtu anakumbuka jambo moja la kipuuzi alilolifanya marehemu, watu wanacheka kupita kiasi, na katikati ya kicheko mmoja anainama na mabega yanaanza kutikisika. Wengine wanatazama pembeni. Mazungumzo yanarudi kwenye mvua.

Rekodi hii imekwenda hivyo hivyo. Kuna mahali saksafoni ya Pukwana inaingia kwenye wimbo wa kuchezeka kabisa, dramu inaufuata, unaona kabisa miguu inataka kuondoka, halafu wimbo unavunjika mikononi mwao na hakuna anayeharakisha kuuokota.

Vijana walioaga

Mongezi alizaliwa Queenstown, Rasi ya Mashariki, mwaka 1945. Alishika tarumbeta akiwa mtoto, na kabla ya kufika miaka 20 alikuwa ameshaingia Blue Notes, bendi iliyokuwa kosa la jinai kwa kuwepo kwake tu: piano kwa Mzungu, vyombo vingine vyote kwa Waafrika, katika nchi ya Makaburu. Sina haja ya kuwaeleza sheria zile. Wengi wetu tulifundishwa kuimba dhidi yake kabla hatujajua Afrika Kusini iko wapi kwenye ramani.

Julai 1964 walipata mwaliko wa tamasha la jazi la Antibes, Ufaransa. Wakaenda, na hawakurudi. Walikuwa watu sita. Wa sita alikuwa Nick Moyake wa saksafoni, ambaye aliona Ulaya haimfai, akarudi nyumbani mapema na kufia huko. Waliobaki walipita Uswisi, wakafika London mwaka 1965.

Mimi nimekulia Morogoro. Kwetu ukisema mkimbizi wa Afrika Kusini tunawaza Mazimbu, shule ya ANC, makaburi yale, watu wazima wenye nidhamu wanaosubiri siku. Ilinichukua muda kuelewa ukimbizi wa aina nyingine: wa kijana wa miaka 19 mwenye tarumbeta dogo, ambaye hakuna kambi inayompokea wala chama kinachompangia kesho yake. Anachokuwa nacho ni onyesho la wiki ijayo, likipatikana.

Nilianza kuhesabu

Hapa nakiri kosa langu la wiki mbili za kwanza. Nilikasirika kwamba sikuwa nimewahi kulisikia jina hili, mimi ninayejiita mpenzi wa muziki, na hasira ikanigeuza mhasibu. Nikafungua daftari. Nikataka kuandika orodha ya kazi zake ili niweze kusema: tazameni, huyu alikuwa mkubwa.

Orodha ilikuwa ndefu. Yumo kwenye Very Urgent ya mwaka 1968. Yumo kwenye Brotherhood of Breath, ile bendi kubwa ya McGregor iliyochanganya Waafrika Kusini na Waingereza, ambayo ukiisikiliza unadhani harusi tatu zimekutana kwenye njia panda. Yumo kwenye rekodi za Pukwana. Yumo kwenye Rock Bottom ya mwanamuziki Mwingereza Robert Wyatt, mwaka 1974, ambako kuna wimbo mmoja ameurundikia tarumbeta juu ya tarumbeta, zinapishana na kugongana kama ndege waliotishwa mtini. Yumo Uswidi mwaka 1972 pamoja na Johnny Dyani na Mturuki Okay Temiz, watu watatu tu, na rekodi iliyotokana na onyesho lile inaitwa Music for Xaba.

Lakini safu ya kushoto ya daftari, niliyoiwekea kichwa "Rekodi zake mwenyewe", ilibaki tupu. Hiyo ya Uswidi ndiyo iliyokaribia zaidi, na hata hiyo ina majina matatu. Miaka 11 Ulaya, na hakuna rekodi hata moja iliyotoka akiwa hai ikiwa na jina lake peke yake.

Nikalitazama daftari lile kwa huzuni kubwa. Nilikuwa nimeshaandika hata sentensi ya kwanza ya makala ambayo namshukuru Mungu sikuichapisha. Ilianza na neno "maskini".

Yule mmoja tunayemjua

Kila niliyemweleza habari hizi alinijibu neno moja: Masekela.

Nawaelewa. Hugh Masekela aliondoka mapema zaidi, mwaka 1960, akaishia New York, na mwaka 1968 wimbo wake Grazing in the Grass ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Sisi tumemcheza kwenye harusi, tumemsikia redioni, tumemwona akizeeka vizuri. Nampenda na sina ugomvi naye. Ila nimegundua kwamba masikio yetu yana tabia ya kutenga kiti kimoja kwa kila kitu. Mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini? Kiti kina mtu. Wengine wasimame.

Na muziki wenyewe haukumsaidia. Mwaka ule Masekela anapanda chati, Mongezi na wenzake walikuwa wamezama kwenye jazi huru, ule muziki usiokupa kiitikio cha kushika wala mdundo wa kukaa juu yake muda mrefu. Waliupenda vijana wachache wa London wenye mifuko mitupu. Kule nyumbani, ambako kulikuwa na watu ambao wangezisikia nyimbo za mitaa yao zikitokeza katikati ya vurugu ile, rekodi hazikufika. Sehemu kubwa ya kumbukumbu yao imehifadhiwa na Ogun, kampuni ndogo aliyoianzisha Harry Miller, mpiga besi wa Afrika Kusini, pamoja na mkewe Hazel. Ndiyo iliyotoa rekodi ya msiba.

Mjomba wangu, ambaye ujana wake wote ulikuwa ni Cuban Marimba na Morogoro Jazz, nilimwekea dakika tano za Very Urgent. Akavumilia mbili.

"Mwanangu, hii ni jazi gani?"

Nikamwambia ndiyo hiyo jazi yenyewe. Akatikisa kichwa kwa upole. Kwake jazi ni neno lililoandikwa kwenye ngoma kubwa ya bendi, na maana yake ni dansi. Sikumbishia. Nilikwenda kulala nikiwa na wasiwasi mpya: pengine hakuna aliyemdhulumu Mongezi. Pengine alichagua muziki wa wachache, akapata wachache.

Wasiwasi huo ulidumu siku kadhaa na sijaumaliza wote. Lakini niliposoma waliyoandika hao wachache, nikaona tatizo lilikuwa pengine.

Moto

Soma maandishi ya Waingereza kuhusu Blue Notes, utakutana na neno moto mpaka lipoteze maana. Walileta moto. Walileta nguvu, walileta furaha, waliitia damu jazi ya Uingereza. Yote yanasemwa kwa mapenzi, naamini hivyo. Lakini moto ni kitu cha kuota. Unaukaribia, unapata joto, unakwenda zako. Hakuna anayeuliza moto ulikuwa unafikiri nini.

Na huyu kijana alikuwa anafikiri. Sikiliza ule utunzi wake, Sonia, aliourekodi na Wyatt. Ni wimbo wa furaha, ndiyo, lakini umepangwa kwa mkono wa mtu anayejua ni wapi hasa furaha ikiachwa kidogo kabla haijatimia itakaa kichwani mwako wiki nzima. Mtu aliyekuwa nguvu tu hawezi kutunga hivyo. Alikuwa fundi, na ufundi ndio hasa usiotajwa anapotajwa.

Marafiki zake wamesema kwa uchungu mkubwa kwamba kifo chake kingezuilika, kwamba mgonjwa yule hakuangaliwa kama alivyostahili kuangaliwa. Sikuwepo, sina la kuongeza. Ila kila nikikutana na neno moto sasa, nawaza mwili uliokuwa unaungua kwa homa mwezi wa Desemba, ugenini.

Hutanijua

Ndipo nikafika kwenye utunzi wake mwingine, ule ulionivunja mgongo. Nilikuwa nimeuandika kwenye daftari siku ya pili bila kuutazama vizuri, kwa sababu jina lake ni refu na nilikuwa na haraka ya kujaza safu.

You Ain't Gonna Know Me 'Cos You Think You Know Me.

Hutanijua, kwa sababu unadhani unanijua.

Nilikuwa kwenye daladala. Nilisoma jina lile, nikaona aibu kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa amechungulia kwenye tundu la kitasa. Kwani nilikuwa nafanya nini wiki zote zile? Nilikuwa nimeshamjua. Mhamishwa, amekufa kijana, hana rekodi yake, kasahaulika. Nilikuwa na kisa kizuri cha kusikitisha na nilibakiza tu kukipamba.

Wenzake waliendelea kuupiga utunzi huo baada yake. Louis Moholo aliuweka kwenye Spirits Rejoice, rekodi ya mwaka 1978, na mahali pa tarumbeta akampa Kenny Wheeler, Mkanada, mtu mwenye sauti laini iliyo mbali kabisa na ile ya Mongezi. Unaanza pole pole, karibu kama wimbo wa kanisani wa jioni, unajirudia, na kila ukijirudia watu wanazidi kuupandisha mpaka unajiuliza dari itastahimili. Ndani yake hakuna malalamiko. Huyu aliyetunga hivi hakuwa anaomba kutambuliwa. Alikuwa anatuarifu tu jinsi mambo yalivyo.

Nikaifuta safu ya kushoto. Kisha nikaacha kusoma habari zake kabisa kwa muda na kurudi nyuma kwenye sauti, kwenye rekodi ya kabla hawajawa wakimbizi.

Ipo. Ilirekodiwa Durban, 1964, kabla ya safari, mbele ya watu. Ilikaa bila kutolewa mpaka 1995, miaka 20 baada ya kifo chake. Wimbo mmojawapo unaitwa Coming Home, na siwezi kuusikiliza bila kukumbuka kwamba wanaoupiga walikuwa wanajiandaa kuondoka. Mongezi ana miaka 19 au bado hajaifikisha. Anapiga jazi ya wakati ule, iliyonyooka, yenye mipaka, ya kufuata mwendo. Na ndani ya mipaka hiyo anakimbia kama mtoto aliyetumwa dukani akapewa na chenji. Anaanza sentensi juu sana, mahali ambapo mtu mwenye busara asingeanzia, kisha anatafuta njia ya kushuka huku wewe umeshika roho. Anashuka. Kila mara anashuka.

Sikusikia maskini humo. Sikusikia msiba. Nilisikia mtu mwenye kazi yake mkononi.

Mzee wa matarumbeta

Jirani yangu wa nyumba ya tatu ni mpiga tarumbeta wa harusi. Mmeshawahi kumwona bila kumwona, au mwenzake: yule aliyesimama nyuma ya gari wazi linalofuata gari la maharusi, shati limelowa jasho, mashavu yamejaa, anapuliza tangu saloni mpaka ukumbini. Ameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30. Maharusi wa mji huu wanaodaiwa naye furaha yao ni wengi, na sidhani kama wapo wawili wanaojua anaitwa nani.

Jumapili iliyopita nilimkuta kibarazani anasafisha vitufe vya tarumbeta lake kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nikamwambia nina kitu cha kumsikilizisha. Tukagawana spika, moja sikio langu la kushoto, moja sikio lake la kulia, na waya ukatulazimisha kukaa karibu kama watoto. Nikamwekea Durban. Hakusema kitu dakika nzima. Kisha akainua kidole.

"Huyu ni mdogo."

Nikamuuliza amejuaje.

"Midomo bado haijachoka. Hajui kuwa itachoka." Akasikiliza tena. "Na tarumbeta dogo, eh? Sauti nyembamba. Lakini pumzi, mwanangu, pumzi hiyo hakufundishwa na mtu."

Akaniomba nirudishe nyuma pale alipopanda. Nikarudisha. Akaniomba tena. Mara ya tatu alifumba macho, na nilipotaka kumweleza habari za Makaburu na London na nimonia, alinizuia kwa mkono, maana mtu alikuwa bado anapiga.

Ilipoisha nikasita. Kisha nikamwekea ile nyingine, ya Desemba 1975, nisimwambie chochote.

Kengele. Filimbi. Besi inayozunguka uani. Mzee akainamisha kichwa upande wa spika, akingoja, nami nikautambua ule ungojaji, ulikuwa wangu wa usiku ule wa giza. Zikapita dakika nyingi. Pale saksafoni ilipoingia kwenye wimbo wa kuchezeka akageuka kunitazama.

"Na yule wa tarumbeta yuko wapi?"

"Ndiye aliyekufa, mzee. Hawa wenzake wametoka kumuaga."

Akatikisa kichwa mara mbili. Nikanyoosha mkono nizime, maana nilidhani imetosha, na jua lilikuwa linazama.

"Iache," akasema.

Tukaiacha. Tarumbeta lake lilikuwa limelala kwenye kitambaa kati yetu na hakuligusa. Lakini wimbo ulipovunjika na wote wakanyamaza, pakabaki dramu peke yake chini chini, nikaona mkono wake wa kulia umekaa juu ya goti, na vidole vitatu vikibonyeza nguo ya suruali, kimoja kimoja, bila sauti, mpaka saksafoni iliporudi.